Abdiel na Wimbo wa Ndafu

Kama umewahi kualikwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, hapa Arusha miaka hii ya karibuni, umemsikia Abdiel, ila hujui kama umemsikia. Ni pale ndafu inapoingia ukumbini. Taa zinapunguzwa, wapishi wenye kofia nyeupe wanatokea mlangoni wamebeba mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa kwenye sinia, majani mdomoni, na muziki unaanza. Gitaa zito, la taratibu, linakwenda mbele kidogo, linasita, linakwenda tena. Mashangazi wanasimama, wanapunga vitambaa. MC anapaza sauti kwamba mwenye wivu ajinyonge. Basi huo muziki una mwenyewe, na hakuutunga kwa ajili ya mbuzi. Alimtungia kaka yangu.

Mimi ni Salha. Napamba kumbi: vitambaa, maua, maputo, viti vya maharusi. Wimbo huo nausikia kila Jumamosi, na Desemba ndiyo usiseme. Watu wanadhani nikitoka nje wakati wa ndafu nakwenda kupokea simu.

Abdiel ni Mmeru wa Kikatiti, mtoto wa mwalimu wa kwaya. Gitaa alifundishwa na baba yake, nyimbo za ibada, nyuzi zimelegezwa ili zisiwazidi sauti kina mama wa kwaya. Alipomaliza shule akawa mpagazi kwenye Mlima Meru, anabeba mizigo ya watalii. Safari moja akaachwa kule Miriakamba, kambi ya kwanza, amsubiri mzungu aliyeumwa kichwa akashindwa kupanda zaidi. Walishinda pale wawili, hawaelewani lugha, mpaka mzungu akamvisha spika zake za masikioni asikilize anachosikiliza yeye. Abdiel alidhani kifaa kimeharibika. Baadaye akaanza kusikia kwamba yale makelele yamepangwa, kila moja lipo mahali pake, na aliyeyapanga ana hasira.

Nilimuuliza siku moja, hasira ya nini, mtoto wa mwalimu wa kwaya aliyelelewa kwa ndizi na maziwa?

"Sijui, Salha. Ilikuwepo tu. Kwenye kwaya sikuwa na pa kuiweka."

Ndivyo alivyoingia kwenye muziki ambao wenyewe wanauita metali, roki nzito ya Kizungu, katika mji ambao kijana akishika maiki lazima achane mistari, na mzee akishika gitaa lazima aimbe rumba. Akampata Hans, Mchaga mwenye karakana ya kuchomelea mageti kule Sombetini, aliyekuwa na gitaa la besi na koo la kupayuka. Akampata na mpiga ngoma, kaka yangu Najim. Najim alikuwa anashona viti vya magari hapa kwetu Levolosi, na tangu utoto hakuna sufuria la mama lililopona mikono yake. Bendi yao wakaiita Majivu.

Mazoezi walifanyia karakanani kwa Hans, na pale ndipo penyewe, kwa sababu majirani hawakulalamika hata siku moja. Walidhani ni mashine ya kusaga vyuma. Mama mmoja alikuja mara mbili kuuliza geti lake litakuwa tayari lini, maana anawasikia wanavyojituma. Hans akamwambia bado kidogo tu, mama, tunamalizia.

Mashabiki wa Majivu nawajua kwa majina, na sisemi hivyo kuwasifia. Walipiga kwenye baa moja nje kidogo ya mji, mwenye baa akawaomba wapumzike kabla hawajachoka. Walipiga chuoni, nusu ya wanafunzi wakatoka na nusu iliyobaki ikarekodi kwa simu ili ikacheke vizuri nyumbani. Mara moja walikwenda Nairobi, ambako kuna watu wanaoupenda kweli muziki huo, na Najim aliporudi hakulala. Alikaa kitandani kwangu anaeleza jinsi watu wasiowafahamu walivyokuwa wanarusha vichwa vyao mpaka jasho linawaruka. Sijawahi kumwona mtu mzima ana furaha vile.

Lakini Nairobi ilikuwa mara moja. Siku nyingine Abdiel alikuwa na kile alichokiita kazi za pembeni. Alipiga gitaa kwenye hoteli ya watalii, amevishwa shuka jekundu la Kimaasai, nyimbo laini za kusindikiza supu. Alimpigia mwimbaji mmoja wa injili aitwaye Angel, ambaye kila aliposikia gitaa limekaza kidogo alisema roho yake imesononeka. Na alikuwa kwenye bendi ya ukumbi, ile inayopiga kwenye sendofu na harusi. Mwanzoni zilikuwa pembeni kweli. Baada ya miaka michache ungemtafuta Abdiel wiki nzima ungemkuta huko huko pembeni, na Majivu ndiyo inayosubiri nafasi. Kuoa hakuoa, ila maharusi aliowaingiza ukumbini hawana idadi.

Halafu ikaja Jumamosi ya Moshi. Majivu walialikwa kupiga kwenye tamasha la vijana huko, jukwaa la maana, vyombo vya maana. Abdiel alikuwa na sendofu mchana ule ule. Akawaambia wenzake, tangulieni mkafunge vyombo, mimi nikiwaingiza tu wazazi ukumbini nawafuata. Hans akapanda basi. Najim akakaa kwenye pikapu ya kukodi na ngoma zake, maana hakumwamini mtu mwingine kuzishika. Walipokaribia Kikatiti wakakutana uso kwa uso na lori lililokuwa linalipita lori jingine.

Mama yake Abdiel alikuwa miongoni mwa waliokimbilia barabarani. Alivua kanga ya juu amfunike yule kijana aliyelala kando ya ngoma, na alipoinama ndipo akamtambua. Yeye ndiye aliyempigia mwanawe simu. Abdiel aliipokea akiwa amesimama jukwaani, gitaa shingoni, wazazi wa bibi harusi wanaingia wanacheza.

Tulimzika Najim kesho yake. Abdiel alibeba jeneza mpaka makaburini, hakukubali kupokewa. Kisha akawa anakuja nyumbani kila siku, anakaa uani kwenye kigoda, mama anampa chai. Mimi nilikuwa na hasira naye, nisifiche. Nilikuwa naona kama si kazi zake za pembeni, angekuwa ndani ya ile pikapu. Kisha najiuliza, angekuwemo, ndiyo ingekuwaje? Ningekuwa nawalilia wawili. Hasira haikuondoka kwa kujiuliza.

Kabla arobaini haijafika, Hans akaniita karakanani. Abdiel alikuwa amekaa juu ya geti lisilokamilika. Akapiga wimbo ambao ulikuwa gitaa tupu, zito, linatembea kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kukishusha. Na kila baada ya hatua kadhaa lilikuwa linanyamaza. Nikadhani amesahau. Hans akaninong'oneza, "Hapo ni pa Najim. Ngoma zake zilitakiwa kuingia hapo. Pamebaki wazi." Uliposita mara ya tatu nilimsikia kaka yangu, wallahi, nilimsikia kabisa anapiga. Nililia mpaka Hans akanitafutia kiti.

Nilikosea kumwambia mama. Jioni ile ile akamdaka Abdiel uani.

"Mwanangu, Salha anasema umemtungia ndugu yako wimbo."

"Ndiyo, mama."

"Basi nipigie niusikie."

"Bado, mama. Nataka urekodiwe vizuri, kwa vyombo vya maana. Ukiusikia, uusikie unavyotakiwa kusikika. Nakuahidi, wewe utakuwa wa kwanza."

Mama akasema haya, atasubiri. Na ni kweli alisubiri. Kila akimwona Abdiel alimuuliza habari za wimbo kabla ya habari za wazazi wake. Abdiel kila mara alijibu kwamba uko karibu. Hakuwa anamdanganya. Alihangaika na studio za mji huu moja baada ya nyingine, na kila fundi aliyeusikia alitaka kuanza kwa kuziba zile nafasi. "Kaka, hapa pamekatika. Tuweke biti." Hans naye hakutaka kusikia habari za mpiga ngoma mwingine. Baadaye akapata kazi ya mageti Dodoma, akafunga karakana. Majivu ikafa hivyo, hakuna aliyetangaza.

Sasa ndipo ikaja ile sendofu ya Njiro. Nilikuwa nyuma ya jukwaa nafunga kitambaa kilicholegea. Ndafu imefika mlangoni, taa zimepunguzwa, na kompyuta ya muziki ikagoma. MC alikuwa Ephraimu, mtu mwenye maneno mengi, lakini pale yalimwisha. Wapishi wamesimama na mbuzi mabegani, mikono inatetemeka, mafuta yanawachuruzika. Ukumbi mzima kimya, bibi harusi anamtazama mama yake. Ephraimu akageuka.

"Gitaa! Oya gitaa, chalii wangu, tuokoe! Piga chochote!"

Abdiel akapiga.

Noti ya kwanza tu niliijua. Niliangusha pini zote nilizokuwa nimeshika. Wapishi walisikiliza kidogo, kisha miguu yao ikaukamata ule mwendo, wakaanza kuingia taratibu, wanayumba, kwa sababu wimbo ule ulitungwa na mtu aliyewahi kubeba jeneza, na mbuzi wa sinia naye anabebwa mabegani. Ulienda nao sawasawa. Na ulipofika pale pa kunyamaza, pale pa Najim, mashangazi wakapajaza makofi. Pa! Pa-pa! Vigelegele. Ephraimu akapata maneno yake tena. Watu walisema hawajawahi kuona ndafu imeingia vizuri namna ile.

Nilimngoja kwenye maegesho.

"Abdiel, kaka yangu umempeleka kwa mbuzi?"

"Vidole vilikwenda vyenyewe, Salha. Tangu azikwe, mkononi hamna kingine."

"Usirudie."

"Sirudii."

Hakurudia kwa muda. Lakini Ephraimu alikuwa amechukua video, na wewe unazijua kamati za sendofu za mji huu. Kamati moja ikiona kitu kwa wenzao, nyingine haitakubali kuonekana haikujipanga. Kila kikao mwenyekiti anauliza, ule muziki wa ndafu wa Njiro tutaupata? Abdiel akasema haujui tena. Wenye bendi wakamleta kijana mwingine aliyeukariri kwenye video, anaupiga haraka haraka, nyuzi zinalia vibaya. Abdiel alivumilia mara mbili, akisimama pembeni na gitaa lake la kusindikiza. Mara ya tatu akaenda akaushika wimbo mwenyewe.

"Kama lazima upigwe," aliniambia, "bora niupige mimi. Angalau usiharibike."

Nilimwambia umeshaharibika. Mimi naamini hapo ndipo alipokata tamaa, si siku ya msiba, maana siku ya msiba bado alikuwa na kitu cha kulinda. Baada ya muda wapiga santuri wa mji wakautengenezea toleo lao, zile nafasi wakazipakia ngoma za kompyuta, wakamalizia na sauti ya mbuzi. Kweli, sauti ya mbuzi. Watu wanaipenda sana.

Mama hakuwa mtu wa kumbi, na sikuogopa angeusikia. Nikasahau kwamba jirani yetu, Mama Blessing, ana binti. Mama alikuwa amembeba binti yule mgongoni alipokuwa mdogo, angekosaje sendofu yake? Alivaa gauni jipya, akatengewa meza na chakula chake, akaketi karibu na mbele. Ndafu ikaja. Abdiel yuko jukwaani, na alimwona. Nilimwona anavyomwona. Mkono wake ulisita, lakini wapishi walikwishakanyaga zulia, akaendelea. Mama akasimama. Alipiga kigelegele kirefu kuliko wote, akatoa mtandio akaupunga, na kila wimbo uliponyamaza alipiga makofi pamoja na wenzake, kwa nguvu, anacheka.

Alipokaa akaniuliza, "Nani kautunga huu? Una raha, una maana." Ephraimu alikuwa anaita familia ya baba mdogo wasogee wakalishwe nyama, basi swali likapotelea kwenye kelele. Abdiel siku ile hakumaliza shughuli. Aliacha gitaa juu ya spika akatoka.

Mwaka uliofuata mama akaanza kuvimba miguu, kisha presha, kisha kitanda. Hakuwa anaomba vitu vingi. Aliomba dirisha lifunguliwe, na aliomba wimbo wa mwanawe. "Hata kama haujarekodiwa. Mwambie nimeacha kutaka wa studio. Aje na gitaa."

Nikaenda kumwambia Abdiel kule Sombetini, alikokuwa anaishi. Alikuwa kwenye chumba chake cha kupanga, anafundisha watoto wa jirani namna ya kushika nyuzi. Akawatoa nje. Tukakaa.

"Atautambua," nikamwambia.

"Nitaupiga polepole zaidi. Bila umeme. Chumbani, bila watu." Alikuwa anajishawishi mwenyewe. "Labda hatautambua, Salha. Alikuwa ukumbini, kelele tele. Huenda aliona mbuzi tu."

Alikuja baada ya alasiri, amevaa shati alilopiga pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa hapa karibu."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Nilisimama mlangoni. Akaanza, taratibu mno, kwa ncha za vidole, na kwa muda mfupi niliamini. Chumba kilitulia. Ulisikika vile ulivyosikika karakanani. Ukafika pa kunyamaza, akanyamaza, na kwenye ule ukimya mikono ya mama ikatoka chini ya shuka. Pa. Pa-pa.

Uso wake ukafunguka kwa tabasamu.

"Hee! Si ule wa ndafu huu? Umenikumbusha sendofu ya mtoto wa Mama Blessing, siku ile nilicheza mimi!" Akacheka mpaka akakohoa, nikampa maji. "Haya, umenichangamsha, Mungu akuweke. Sasa nipigie wa Najim."

Abdiel aliniangalia. Sitaki kuona tena macho ya namna ile kwa mtu aliye hai.

"Ndiyo, mama," akasema. "Nilikuwa napasha vidole tu."

Akainama, akafumba macho, akapiga. Sijui alipiga nini. Haukuwa wimbo ninaoujua, haukuwa na uzito, haukuwa metali wala kwaya. Ulikuwa mfupi. Kuna mahali ulipanda kidogo kisha ukarudi upesi, na mama alishika mdomo wake. Machozi yakamtoka, yale ambayo hakuyatoa hata siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko alikuwa anawatuliza wengine.

"Ndiye," alisema. "Ndivyo anavyoingia. Ndivyo alivyokuwa anaingia, hana subira ya kuvua viatu. Ahsante, baba. Ahsante sana."

Nilimfuata Abdiel uani. Ameegemea ukuta, gitaa chini.

"Ulikuwa unapiga nini?"

"Sijui. Ulikuja tu."

"Umeushika?"

Akaokota gitaa, akaondoka.

Wiki iliyofuata mama aliutaka tena. Abdiel akaja, akakaa pale pale, akaanza. Mama alisikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa.

"Siyo huo, mwanangu. Ule wa juzi."

Akajaribu mwingine. Ulipanda pale ulipopanda, au karibu na pale.

"Siyo huo."

Alijaribu tena na tena. Alibadilisha ufunguo, alirudi mwanzo, alipiga nusu akaacha. Jasho likamlowesha mgongo. Kila mara mama alikuwa anaanza na matumaini, kichwa kimeinuka kwenye mto, halafu kinarudi chini. Mtu aliyekariri nyimbo za kila harusi ya mji huu alikuwa anatafuta wimbo mmoja mfupi wa kwake na haupati. Mwisho mama akamshika mkono ili auache.

"Umechoka, baba. Utanipigia siku nyingine, ukiukumbuka."

Alifariki siku chache kabla ya Ramadhani. Abdiel alikuja kwenye maziko, na alikuja kwenye hitima. Watu walipoondoka alibaki uani, amekaa kwenye kigoda, gitaa mapajani. Alipiga noti mbili tatu, akatikisa kichwa, akaanza upya. Mimi nilikuwa naosha masinia. Akaniita.

"Salha, wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama pale mlangoni. Ulianzaje?"

Niliacha masinia nikakaa naye. Nilifumba macho, nikamwona mama kitandani, nikaona mkono wake mdomoni, nikaona shati lile lililopigwa pasi. Kila kitu nilikiona. Nikafungua mdomo nimwimbie.

Kilichotoka kilikuwa wimbo wa ndafu.